Kanjia ka mawe ya volkano mu parseli yetu, Goma

Mutu mwenye hajafika Goma anafikiri bustani ni kushika jembe, unalima, unapanda, kisha unapanga mawe mbili tatu pembeni ionekane muzuri. Kwetu ni kinyume kabisa. Kwetu mawe njo iko chini tayari, na udongo njo unanunua kwa gunia na kuuleta ku chukudu, ile trotineti kubwa ya mbao ya kubebea mizigo. Tunaishi upande wa Murara, haiko mbali na uwanja wa ndege, pale volkano ya Nyiragongo ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita ikishuka mpaka mu ziwa Kivu (kwetu volkano ni ule moto wenyewe, na pia mawe yake ukisha kuganda), kwa hiyo parseli yetu, kiwanja chote, ni volkano tupu toka ku mulango mpaka ku lupango (uzio) ya nyuma, nyeusi, yenye mikunjo, na nyumba yetu ya mbao imekaa juu yake. Kila mahali munaona lengalenga (muchicha) kwetu, mujue kuko mutu alizungusha mawe, akamimina udongo, akaweka maganda ya ndizi na majivu ya makala, akamwagia maji yenye iliosha mboga, akangoja. Huyo mutu ni mimi. Nasema hivi mapema ili mutu asiniulize juu ya nini nilikuwa na uchungu sana na ule udongo.

Shida ilikuwa kupita. Toka ku mulango wa parseli mpaka jikoni nyuma ya nyumba sherti upite kati ya tushamba twangu, na wapitaji ni wengi: watoto na bidoni za maji za litre 20, kijana wa makala, mama mukwe na fimbo yake, mbuzi ya jirani ikipata nafasi. Volkano yenyewe hailingani, hapa inakwaruza, pale iko na shimo la kumeza muguu mpaka ku kifundo. Basi watu wanafanya nini? Wanakanyaga pale pako laini, na pale pako laini ni ku udongo wangu. Mvua ikinyesha ule udongo unatoka na viatu, unaingia mu nyumba, unabakia mu salo, na mimi nafagia kitu chenye nililipa. Kiangazi nacho, mwezi wa sita na wa saba, ni mavumbi nyeusi ku nguo zenye zimeanikwa.

Baba mudogo wa bwana yangu ni fundi masoni, tena fundi muzuri, hiyo sina ubishi. Alikuja, akaangalia, akatoa mukono mu mufuko akaonyesha hapa mpaka kule: «Mama, hii yote tunamwanga beto ya simenti, unasahau mambo ya potopoto maisha yote.» Hiyo ilikuwa 2025, benki za Goma zilikuwa zimefunga toka mwisho wa Januari, noti zenyewe zilikuwa za kutafuta, mutu akikupa dola yenye imepasuka kidogo ku kona hakuna mwenye anaipokea, kwa hiyo ku kartie wengi walifikiri nilikataa beto juu ya pesa. Pesa nayo ilikuwa sababu, sitaficha. Lakini hata angenipa simenti ya bure ningekataa, na hiyo sababu ingine njo nataka kueleza, juu naona hapa mjini mutu akipata tu kidogo, kitu cha kwanza ni kufunga parseli yote na simenti ao na pave, na wote wanapiga makofi.

Jiulizeni maji ya Goma inaenda wapi. Mji mukubwa namna hii hauna hata muto moja yenye kupita ndani. Bukavu kule kuko mifereji na tuto, kuko Ruzizi, maji inashuka na watu wanaiona ikishuka. Goma hapana. Mvua inapiga mwezi wa kumi na moja mpaka hamusikilizane mu nyumba juu ya kelele ya manjanja (mabati), kisha inakatika, na kisha kidogo tu chini pamekauka. Volkano iko na nyufa na matundu, inakunywa yote. Ni sababu moja inafanya tunapata shida ya maji ya kunywa, juu hakuna kijito cha kuchota, maji ya robine (bomba) inapandishwa na mashini toka mu ziwa, na robine ikikauka ni bidoni. Lakini kwa mvua ile tabia ya volkano ni baraka. Ukiweka beto juu yake umefunga mudomo wa kitu chenye kilikuwa kinakunywa maji yako bure.

Jirani mumoja wa upande wa juu alifanya hivyo. Parseli yake yote aliisakafu, ikang'aa, hakuna hata jani. Mvua ya kwanza kubwa, maji yake yote ilikusanyika ikatafuta njia, na njia ilikuwa chini ya lupango yetu, ikagonga mbao za chumba cha watoto. Mbao na maji munajua. Tulikaa na yeye na mukubwa wa nyumba kumi, tukaongea vizuri, akapasua mustari moja ku mupaka akaweka gravie (kokoto) ndani, ikaisha, leo tunasalimiana na tunaazimana ndoo. Simulaumu. Alifanya chenye kila mutu anafanya. Ila toka ile siku nilijua njia yangu mimi itakuwa ya kupitisha maji, siyo ya kuyafukuza.

Na kuko matetemeko. Wenye walikuwa hapa 2021 wanakumbuka: volkano ya Nyiragongo ilitoka tarehe 22 Mei jumamosi magaribi, ikashuka ikasimama upande wa Buhene kabla haijaingia mjini, tukashukuru Mungu, halafu njo ardhi ikaanza kutikisika mchana na usiku siku nyingi mpaka wakuu wa mji wakatuambia tutoke, wengine wakakimbilia Sake, wengine Rwanda. Barabara zilipasuka, nyumba za matofali zilipasuka. Wenye walikuwa na sakafu ya beto inje waliikuta imegawanyika. Mawe yenye imepangwa bila simenti, ikitikiswa, inasogea, na wewe unairudisha na mukono. Tena parseli zetu hizi mutu anaweza kuuza, anaweza kuhama. Beto unaiacha. Mawe unapakia.

Haya, mawe yenyewe sasa. Ku barabara ya kwetu kuko mama mumoja anavunja mawe, anafanya gravie ya kuuzia mafundi, anakaa chini ya kipande cha sheeting, nyundo mu mukono wa kuume, mupira wa gari umezunguka jiwe ili lisirukeruke. Kazi hiyo mu Goma iko na wamama wengi na watu wanapita bila kuwaona. Mimi nilikaa naye, nikamuletea chai, nikamuuliza ni mawe gani naweza kukanyagia. Alicheka kwanza. Kisha akanipa somo ambalo hakuna fundi alikuwa amenipa. Kuko, alisema, mawe ya aina mbili mu parseli yako ile ile. Ile yenye mikunjo, yenye iko na ngozi juu, hiyo njo ya muguu. Ile ingine yenye iko ovyo, vipande vipande, yenye miiba, hiyo ni ya chini, ya kujaza, usimukanyagishe mutu. Watu wenye wamesoma mambo ya volkano wanaipa majina ya kule Hawaii, pahoehoe na aa, lakini mama wa mawe aliijua na mukono. Ile ya kwanza ilishuka laini ikaganda juu, ikafanya ganda kama la mukate, na hilo ganda ukiliinua vizuri na baramini (mutaimbo wa chuma) linatoka bamba zima, vidole vitatu ao vine vya unene, upande moja umelala. Ya pili ilivunjikavunjika yenyewe ikitembea.

Somo lake la pili ilikuwa sikio. Unanyanyua bamba, unaligonga na nyundo ndogo. Likilia, ni zima. Likijibu kwa sauti ya kuziba, iko na ufa ndani wenye hauuoni, litapasuka chini ya mutu mwenye kubeba bidoni. Nilikuwa nagonga kila jiwe mpaka watoto wakaanza kuniigiza na kijiko ku sahani.

Somo la tatu, macho. Volkano iko na kioo ndani yake, ukiipiga inarusha tuchembe twenye unajua tu kisha tumeingia mu jicho. Yeye mwenyewe jicho moja haioni vizuri na alisema ni kazi njo ilifanya. Nilinunua malunete ya plastiki ku Birere, ya bei ya chini, nikamupa na yeye yake. Sijui kama anayavaa. Mara nyingi nayakuta juu ya kichwa. Lakini kwetu ilikuwa sheria, mwenye kushika nyundo anavaa, na mutoto hakaribii mwenye kuvunja, hata akilia.

Kuchagua njia itapita wapi, hapo nilibishana na baba mudogo mpaka bwana yangu akatoka akaenda kutembea. Yeye anataka kamba, mustari moja nyoofu toka mulango mpaka jikoni, kazi isafi. Mimi niliangalia vile watu wa nyumba yetu wanatembea. Mama mukwe hatua yake ni fupi, nilipima na mita nikakuta haifiki sentimita 50, kwa hiyo yale mambo ya kuweka bamba moja hapa na ingine kule mutu anaruka, yenye munaona ku mapicha, kwake ni hapana, fimbo itaanguka katikati. Yeye anahitaji njia yenye imejaa. Chukudu nayo iko na mikono mirefu ya kushikia, ikileta makala ao udongo sherti iingie mpaka karibu na jikoni, juu ukishusha gunia ku mulango utalikokota mwenyewe. Kwa hiyo tulikubaliana mita moja na robo toka mulango mpaka kona ya nyumba, pale chukudu inasimama, kisha sentimita 80 mpaka jikoni, yenye inatosha mutu na bidoni yake. Juu ya kona, njia ipinde isiwe nyoofu, nilishinda. Juu ya sentimita alishinda yeye, mimi nilitaka 60 ili nibakize udongo, akanionyesha kwa kubeba ndoo mbili mwenyewe vile viwiko vinatoka inje. Haki yake.

Kona haikuwa ya urembo. Katikati ya mustari wake nyoofu kuko shimo la muviringo ndani ya volkano, refu kiasi mukono wa mutu muzima haufiki chini. Wageni wanafikiri tulichimba. Mama mukwe anasema ni avoka ya mwenye parseli wa zamani: volkano ilizunguka muti, ikaganda, muti ukaungua ndani, likabakia tundu. Kama ilikuwa avoka kweli yeye njo anajua, aliishi hapa mbele ya 2002, lakini matundu namna hiyo pale miti ilisimama ni jambo la kawaida ku volkano yetu. Baba mudogo alitaka tulijaze mawe na tupite juu. Mimi nililijaza udongo na samadi ya mbuzi, nikapanda mupapai, juu hakuna mahali pengine mu parseli yote muzizi unaweza kushuka bila kuvunja mawe. Njia ikazunguka.

Kazi ya kutengeneza chini njo ilikula nguvu. Huku hauchimbi, unafungua. Unaingiza baramini mu ufa, mutu mumoja anakandamiza, mwingine anaweka jiwe dogo chini ili isirudi, kisha tena. Mbele ya yote tulitembea na masi (nyundo kubwa) tukigonga mustari muzima, juu ganda la volkano pengine iko na pango chini yake, wakati ile ya moto ilitoka ndani ikaendelea kushuka na kuacha gamba tupu. Ukisikia mulio wa ngoma, usipite hivi hivi. Tulipata pango moja namna hiyo karibu na kona ya nyumba, pahali chukudu ilikuwa isimame na mizigo, baba mudogo akapiga masi mara chache ganda likaingia chini, likaonyesha uwazi wa kumuficha mbwa. Tulilijaza mawe ya miiba, makubwa chini, madogo juu, tukashindilia na kipande cha muti wa mikaratusi chenye alikitia mishikio. Hapo nilimupa heshima yake, mimi peke yangu ningepita juu yake hivi hivi.

Juu ya ile ya kujaza tuliweka gravie ya mama wa mawe, kisha muchanga mweusi wa volkano, unene wa vidole vitatu hivi, halafu mabamba. Wengi wanauliza juu ya nini muchanga, si uweke jiwe ku jiwe. Bamba la volkano upande wa chini halilali, iko na vinundu. Ukiliweka juu ya kitu kigumu linacheza, na jiwe lenye kucheza njo linaangusha mutu. Muchanga unapokea vile vinundu. Unaweka, unalikanyaga na miguu miwili ku pembe zote, likicheza unalitoa, unaongeza ao unapunguza kiganja kimoja cha muchanga, unarudisha. Ni kazi ya magoti. Nilishona kipande cha godoro ndani ya gunia nikawa napiga magoti juu yake, na nashauri kila mutu afanye hivyo mbele hajaanza, siyo kisha.

Pembeni mawe makubwa, yamezama nusu, yanashika njia isitawanyike na yanazuia udongo wa tushamba usishuke juu ya mabamba. Hapa kuko kitu watu hawafikirie: njia iwe juu kidogo ya udongo ao chini? Kwetu udongo njo tajiri, kwa hiyo njia iko juu kidogo, na imelala upande moja, sentimita mbili ku kila mita, upande wa kutoka ku nyumba, ili maji ya mvua yenye haijazama iende ku mboga siyo ku mbao. Kupima huko tulitumia tuyo ya plastiki yenye kuonekana ndani, unaijaza maji, mumoja anashika huku mwingine kule, maji inakaa kimo kimoja pande zote hata kama mupo mbali. Mafundi wote wa hapa wanajua. Watoto wangu hawakujua, na ile asubuhi walijifunza kitu ambacho masomo hayakuwaonyesha, walibakia kupima kila kitu, hata meza kama imelala. Meza ilikuwa imelala.

Chini ya manjanja, pale matone yanaangukia, hatukuweka bamba. Tuliacha mustari wa gravie tupu. Nyumba za mbao zinaoza toka chini, na zinaoza sababu matone yanapiga kitu kigumu yanaruka ku mbao. Yakiangukia gravie yanazama. Hiki kamustari kadogo pengine njo kitu cha maana kupita yote tulifanya na hakuna mugeni hata mumoja amewahi kukisifu.

Dada yangu anaishi Kyeshero, upande wa ziwa. Aliona njia akataka yake, ila yake iwe ya kushuka, na pale mwisho kashimo kenye viti vya mawe, watu wakae kwa kivuli. Nilimukataza kwa ukali. Upande ule, toka Himbi mpaka Mugunga na Bulengo, mazuku iko mu mashimo na mu mabonde. Ni hewa yenye kutoka ndani ya ardhi, gazi karboniki, nzito kupita hewa ya kawaida, kwa hiyo inakaa chini, haionekani, na mara nyingi hata harufu haina. Usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo njo inakuwa mbaya. Mbuzi inashuka haipandi, mbwa vilevile, na watoto wako karibu na chini kupita sisi. Mutu wa upande ule mwenye kujenga bustani asichimbe pa kukaa, ajenge ku kimo cha wengine ao ainue. Dada alinuna kidogo, akasema natisha watu, kisha mwenye nyumba wake akamuambia maneno yale yale na akasikia juu ilitoka kwa mwanaume. Tuachane na hiyo. Leo iko na kiti cha mbao juu ya mawe, kizuri kupita changu.

Kati ya mabamba hatukuweka simenti hata kijiko. Muchanga tu, na pale mutu hapiti sana nilichomeka vipande vya pasipalumu, ile nyasi ya ku majardini ya watu wakubwa, unaomba kipande kwa jirani, unakikata kidogo kidogo, inajieneza. Pembeni sitroneli, inashika udongo na tunakunywa chai yake. Nilikuwa naogopa mawe itakuwa na utelezi. Kinyume, mvua ikinyesha volkano inashika muguu, ni ya kukwaruza, hata mama mukwe anatembea bila kutafuta ukuta. Shida ni ingine: inakula kambambili (ndala), na mutoto akianguka goti linachubuka kweli. Kwa hiyo kila bamba tulipitisha jiwe lingine juu, unasugua kwa nguvu mpaka miiba yote inavunjika, na pembe unaziua na nyundo. Sehemu ya mulango nilirudia mara nyingine kisha mutoto wa jirani kulia pale. Mabamba ya zamani, ya 2002, yamepoa kidogo, iko na ukungu wa kijivu juu yake, hiyo inasaidia. Ukinunua mawe ya 2021, yenye vijana wanashusha toka kule Buhene, utaona vile bado inakata mukono, sherti gwanti.

Musifikiri ukimaliza umemaliza. Mvua za kwanza mabamba yalishuka hapa na pale, muchanga ulitafuta nafasi yake, na tulikuwa tunazunguka jumamosi na ndoo ya muchanga na baramini, mutoto mumoja njo alipewa kazi ya kucheza juu ya kila jiwe ili kutafuta lenye kutikisika, kazi yenye aliifanya kwa bidii kupita masomo. Ni dakika chache. Ku beto nayo ingekuwa nyundo, simenti, fundi, pesa. Kisha ile misimu ya kwanza imetulia, sasa ni bamba moja ao mbili, mara nyingi ku kona pale chukudu inasimama.

Baba mudogo anasema bado kwamba ni njia ya mbuzi. Anasema mbele ya wageni, akicheka, akiwa amesimama juu yake. Mimi simujibu, nilimupikia sombe (majani ya muhogo) na makayabu (samaki ya chumvi) siku ya kumaliza na deni letu likaisha pale.

Kumebakia kipande cha kwenda ku choo. Pale volkano imejikunja ikapanda kimo cha goti, hakuna baramini itaingia, ni kuvunja na masi tu, na wanaume wote wa hii nyumba ghafla wanaumwa mugongo. Mama wa mawe amesema atakuja yeye na binti yake, tugawane: gravie yenye itatoka ni yake, nafasi ni yangu. Tumesikilizana mwezi wa saba, mvua ikishakatika, na malunete nimeshamuambia safari hii atayavaa mbele yangu ao chai hakuna.